Kasha la Mama na diski za mtumba

Kasha la Mama liko chumbani kwake, chini ya dirisha linalotazama uchochoro, na ufunguo wake anaulalia. Ni la msaji, lenye njumu za shaba, na alikuja nalo kutoka Wete alipoolewa Unguja. Ndani mna doti za kanga ambazo hazijakatwa, udi, picha za pasipoti za watu walokwishafariki, na mfuko wa nailoni uliojaa kanda za kaseti. Kanda hizo ndizo zilizonitia mimi, mwalimu wa jiografia, katika mambo ya seva, yaani kompyuta ya kuwekea na kugawia mafaili ya nyumba nzima, nikajikuta Jumamosi asubuhi nabishana na fundi wa Darajani juu ya sekta mbovu, vile vijisehemu vya diski vilivyoharibika.

Aliyekulia visiwani miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa kanda hizo ni za nini. Mjomba alikuwa Maskati. Simu ilikuwa safari ya posta na foleni, na barua ilitaka mtu wa kuisoma, kwa sababu Bibi akisoma msahafu bila ya kukwama lakini herufi za Kirumi hakuzijua. Basi watu wakiandikiana kwa sauti. Unakaa mbele ya redio kaseti, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unatoa salamu kwa majina, mmoja mmoja, na upande wa kwanza unapokaribia kwisha ndipo unapoanza la maana. Kanda anapewa msafiri. Baada ya miezi miwili mitatu inarudi nyengine, na ukumbi mzima unakaa kimya kusikiliza. Ndani ya kanda za Mjomba unasikia kiyoyozi kikinguruma. Ndani ya zile za Pemba unasikia jogoo, mvua juu ya bati, na mtu kwa mbali anauliza kama mchuzi umetiwa chumvi.

Kuzihamishia kwenye kompyuta si kazi ngumu, ila inataka subira. Niliazima redio kaseti kwa jirani, nikachomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la sauti la laptopu, nikarekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Kanda ya dakika 60 inataka dakika 60. Hakuna njia ya mkato. Nyengine zilikuwa zimeshika ukungu. Nyengine kile kisponji kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha redio kilikuwa kimebanduka, nikakibandika upya kwa tone la gundi. Penseli nayo ilirudi kazini, ile ya kuzungushia utepe ulolegea, watoto wakashangaa penseli na kanda vinajuana vipi.

Jumla zilikuwa kanda 41. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha CD, ni kama megabaiti 600, kwa hiyo kanda zote ni kama gigabaiti 25. Si kitu. Nikanunua flashi ya gigabaiti 128 kwa bei iliyonifurahisha, nikahamishia zote humo, nikafuta za kwenye laptopu ili nipate nafasi ya maksi za wanafunzi.

Bei ile ilikuwa na sababu. Flashi ilikuwa ya gigabaiti 8 tu, imefundishwa kusema uongo. Ukiichomeka inajitangaza 128, na ukiipa faili inalipokea kwa adabu, jina linaonekana, ukubwa unaonekana. Zikishajaa zile 8 za kweli, kinachofuata kinakwenda kusikojulikana. Kanda 13 za mwanzo zilikuwa salama. Nyengine 28 ukizifungua ni kimya.

Kati ya hizo 28, kanda 22 zilikuwa bado zimo kashani, nikazirikodi upya. Sita zilikuwa za nyumbani kwa Hale, mdogo wake Mama, kule Wete. Hizo, baada ya mimi kumwambia kwa kinywa changu kwamba zishaingia kwenye kompyuta, alizitupa jaani pamoja na mazagazaga mengine alipokuwa anapaka chokaa nyumba. Nne kati yake zilikuwa za Bibi. Ndizo alizokuwa akimpelekea Mjomba Maskati, na zilirudi na mizigo yake alipofariki. Kwengine kokote sauti ya Bibi haikuwapo.

Mama aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akalifunga kasha, na kwa wiki mbili hakunipa tena kanda.

Nimeyasema haya mwanzo kwa sababu watu wanaoandika juu ya seva za nyumbani huanza na vifaa, kana kwamba mtu anaamka asubuhi ana hamu ya diski. Mimi sikuwa na hamu hiyo. Nilikuwa na deni.

Wa kwanza kunishauri aliniambia nipeleke kila kitu mtandaoni. Google Photos iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo tangu tarehe 1 Juni 2021, na akaunti ya bure ina gigabaiti 15 kwa kila kitu, barua pepe zikiwamo. Kulipa kila mwezi kunawezekana. Lakini kwetu pamoja na kanda kuna video za harusi za miaka ishirini, na harusi ya Kizanzibari si ya saa mbili. Kuzipandisha zote kwa bando la simu ni kuchota bahari kwa kijiko, na siku ukisahau kulipa unaanza kuandikiwa barua za onyo. Wa pili akanionesha masanduku ya tayari ya kuhifadhia mafaili nyumbani, ya Synology na QNAP. Mazuri kweli, madogo, yanakaa juu ya rafu, lakini bei yake ni ya sanduku peke yake. Diski unanunua mbali. Wa tatu, kijana wa kompyuta pale skuli, alitaka tutumie Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Nilivutiwa, maana inakula umeme kidogo sana. Kilichonitoa ni kwamba diski zake zingening'inia nje kwa nyaya za USB na adapta zake, na nyumba yetu ina watoto. Kitu kinachoning'inia kwetu hakifiki Ijumaa.

Nikaangukia kompyuta ya mezani ya mtumba, ile ya umbo dogo iliyotumika ofisini. Kuna siri moja inayozifanya ziwe rahisi miaka hii. Microsoft iliamua kwamba Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya Ulaya yakaanza kuzitoa mashine zisizo na kosa lolote ila umri. Yangu ina Core i5-6500, prosesa ya 2015 yenye viini vinne. Kwa kazi ya kugawa mafaili ndani ya nyumba ni kama kumpa nahodha wa jahazi kuvusha watu mferejini. Niliilipia shilingi 220,000, ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 na SSD ndogo, ile diski isiyozunguka, ya 128, ambayo niliipima kwanza, mara hii.

Diski ndizo zilizonipa taabu, na hapo nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotea.

Diski ya mtumba si kama kiatu cha mtumba, ambacho ukikitazama soli umeshajua habari zake. Lakini ndani yake imebeba daftari la maisha yake, linaitwa SMART, na ukijua kulisoma hudanganywi kirahisi. Nilikwenda dukani na flashi yenye Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, inayowaka bila ya kusakinishwa.

"Fundi, niwekee hii kwenye mashine niisome."

"Mwalimu, inawaka hiyo. Nimeijaribu mwenyewe."

"Inawaka naiona. Nataka kujua imelala wapi."

Akacheka, akanipa kiti. Nilikuwa natafuta mistari minne tu. Namba 9 ni saa ambazo diski imewashwa. Namba 5 ni sekta zilizokufa na kubadilishwa kwa zile za akiba. Namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, haijaamua bado kama zimekufa. Na 198 ni zile zilizoshindikana kabisa kwenye ukaguzi. Diski ya kwanza ilikuwa na saa elfu tisa tu, mpya kwa macho, inang'aa, lakini mstari wa 197 ulisema 24. Nikairudisha. Fundi akaniambia hizo 24 ni chache kati ya mabilioni, na kwa hesabu ana haki. Ila sekta mbovu ni kama mchwa. Anayeonekana ukutani si yule wa kumwogopa.

Nilizochukua ni mbili, zilitoka kwenye mashine za kamera za ulinzi, terabaiti mbili kila moja, shilingi 90,000 kwa moja. Zilikuwa na saa elfu arubaini na moja, yaani zaidi ya miaka minne na nusu bila ya kuzimwa, na mistari mitatu mingine yote sifuri. Fundi alishangaa nimeacha kijana nikachukua mzee. Mzee aliyefanya kazi miaka minne bila ya kukohoa mimi namwamini kuliko kijana aliyeanza kutema damu. Tena hata wazee wangu hao wawili sikuwaamini moja kwa moja. Nyumbani nilizipa mtihani wa badblocks, programu inayoandika diski nzima kwa mtindo mmoja, ikaisoma, ikaandika kwa mtindo mwengine, mara nne. Kwa terabaiti mbili ni kama siku moja na nusu. Mama alipita mara kadhaa kuuliza kama kile kitu kinachokoroma ndivyo kinavyotakiwa.

Kusakinisha kulikuwa kwepesi kuliko kununua. Nilitumia OpenMediaVault, programu ya bure ambayo Mjerumani mmoja, Volker Theile, aliijenga juu ya Debian, aina moja ya Linux. Inakaa kwenye ile SSD ndogo na unaiendesha kutoka kwenye kivinjari cha simu au laptopu, bila ya skrini wala kibodi. Inakuja na neno la siri ambalo dunia nzima inalijua, kwa hiyo la kwanza ni kulibadilisha. Na nitaje hapa ili nisipate maswali: ukinunua diski ya terabaiti mbili halafu ikaonesha 1.8, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Naijua dhana ya kuibiwa, nimeshaifanyia mazoezi.

Kinachoyafanya mafaili yaonekane kwenye simu za nyumbani ni Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina halina uhusiano na ngoma ya Brazili. Alitafuta kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B, maana SMB ndiyo lugha ya kugawana mafaili ambayo programu inaisema. Seva yangu haikufunguliwa mlango wowote wa kutokea nje kwenye intaneti. Watu wengi hutamani kuona picha zao wakiwa safarini, wakafungua mlango kwenye rauta, wakasahau. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia vikipita katika mlango huo huo wa kugawana mafaili, katika toleo lake la zamani. Mimi nikiwa safarini nasubiri kurudi.

Kisha ikawa pole pole. Kunakili video moja ya harusi kulichukua muda wa kupika wali na mchuzi. Nikapima: megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi, haishuki. Nilizilaumu diski, nikailaumu prosesa, nikamlaumu Mjerumani. Jawabu lilikuwa ndani ya ukuta. Fundi aliyetupitishia waya wa mtandao alikuta waya una nyuzi nane, akabana nne kwa kompyuta na nne akazitenga kwa laini nyengine ambayo haikuwahi kuja. Nyuzi nne zinapitisha megabiti 100, na hiyo ndiyo megabaiti 11 yangu. Gigabiti inazitaka zote nane. Nilikata ncha, nikabana upya, nikanunua swichi ndogo ya gigabiti kwa shilingi 35,000 kwa sababu na rauta yenyewe ilikuwa ya 100. Ikaruka hadi 108. Mtu akiniambia seva yake ni nzito, siku hizi swali langu la kwanza ni nani aliyebana waya.

Sasa diski mbili uzifanye nini? Hapa nitawakasirisha baadhi ya wajuzi. Wengi husema ziunge ziwe kioo, RAID ya kwanza: kila unachoandika kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, moja ikifa nyengine inaendelea. Kwa duka au ofisi ni sawa, kazi isisimame. Kwangu mimi kazi ikisimama siku mbili hakuna anayekufa njaa. Kitu ninachokiogopa si diski kufa. Ni mtu.

Mtu mwenyewe ana miaka tisa, mtoto wa kaka yangu. Alichukua simu ya Mama ili apakue mchezo, simu ikamwambia nafasi haitoshi, akaanza kufuta. Akaingia mpaka kwenye folda ya seva, ambayo mimi kwa uvivu niliiachia ruhusa zote, akafuta harusi nzima ya shangazi yake mdogo, kuanzia singo mpaka kutoa nje bibi harusi. Kioo kingefuta pande zote mbili kwa sekunde ile ile, kwa utiifu kamili. Lakini diski yangu ya pili si kioo. Kila usiku saa tano programu ya rsync, nayo ni ya yule yule Tridgell pamoja na Paul Mackerras, ya 1996, inapita na kuchukua picha ya siku hiyo. Faili ambalo halikubadilika halinakiliwi tena, linaelekezwa tu kwenye la jana, kwa hiyo siku thelathini hazili nafasi ya mara thelathini. Nilifungua jana, harusi ikarudi. Mtoto alinunuliwa urojo kwa kuniamsha, na tangu hapo folda za wote ni za kusoma tu. Anayetaka kuingiza kitu anakuja kwangu, kama anavyokwenda kwa Mama anayetaka udi.

Umeme ni hadithi ya peke yake. Waliokuwapo Unguja wanakumbuka kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale mkondo kutoka Bara ulipokatika na kisiwa kikakaa miezi mitatu kwa majenereta na kandili. Mwaka mmoja na nusu kabla yake tulishakaa karibu mwezi mzima. Tangu 2013 kuna waya mwengine mkubwa zaidi chini ya bahari, na mambo si kama zamani. Lakini kukatika kwa dakika kumi, kurudi, kukatika tena, kushuka mpaka feni inazunguka kama inafikiri, huko kupo. Diski inayozunguka na kuandika haipendi hivyo. Nilinunua UPS, sanduku la betri linaloshika umeme unapokatika, ya mtumba kwa 40,000, betri yake imekufa kama zote, nikatia betri mpya ya volti 12, ampea-saa 7, kwa 35,000. Inaishikilia kompyuta na rauta zaidi ya nusu saa. Lakini muhimu kuliko muda huo ni waya wa USB unaotoka UPS kwenda kwenye kompyuta, na programu ya NUT inayousikiliza. Betri ikikaribia kwisha kompyuta inaambiwa, inafunga mafaili, inalala yenyewe. Wengi nimewaona wana UPS bila ya waya huo. Hapo umenunua kifo cha kuchelewa tu.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, alikuwa pasi.

Soketi niliyoitumia mwanzo ilikuwa ukumbini, na ndiyo soketi ya pasi tangu nyumba ijengwe. Ijumaa saa tano asubuhi kanzu zinapigwa pasi. Mama anaujua ukumbi wake. Akikuta kitu kimechomeka pale anakichomoa, anapiga pasi, anaondoka zake. UPS ikilia, watu wanadhani ni simu ya mtu. Ijumaa tatu mfululizo. Nilibandika karatasi "USICHOMOE", ikasomwa na wote na kuheshimiwa na wote isipokuwa mwenye nyumba. Nikahamia juu ya kabati la korido, mbali na dirisha la upande wa bahari, maana upepo wa kusi unaleta chumvi na chumvi inakula pini za shaba taratibu. Rauta ya mwanzo tuliizika kwa ajili ya sisimizi walotaga ndani yake. Na mjusi kafiri mmoja aliingia kwenye UPS akafanya alichofanya. Tulijua kwa harufu. Sasa matundu ya nyuma nimeyafunga kwa kipande cha chandarua, na kila baada ya miezi mitatu nafungua sanduku, nasafisha feni kwa brashi ya rangi.

Kisha Mama akaleta hoja ambayo sikuwa na jawabu lake. Katika nyumba hii yeye ndiye anayesoma mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla. Anajua friji inakula nini, anajua nani aliacha feni. Siku moja akaniita, akanionesha namba, akaniuliza: "Hilo kasha lako linafanya kazi gani saa nane mchana, na nyote mko skuli?"

Nilipima kwa kimita cha kuchomeka: wati 25 ikiwa haifanyi kitu. Saa 24 ni yuniti 0.6, mwezi ni yuniti 18. Nikataka kumwambia kwamba seva kwa desturi haizimwi. Lakini desturi ya nani? Hao wanaosema hivyo wana watu wa kuihitaji usiku na mchana. Sisi tunaihitaji baada ya Magharibi. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, nikaiambia iamke yenyewe saa moja usiku, na programu ikaizima saa tano na nusu, baada ya kunakili. Yuniti 18 zikawa tatu na kitu. Mama alitazama mita mwisho wa mwezi, hakusema neno, na hiyo ndiyo sifa yake.

Yote hayo, hata hivyo, yako ndani ya nyumba moja. Moto mmoja, mwizi mmoja, bomba moja lililopasuka juu ya kabati, na nitarudi kwenye kimya kile kile. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, jengo la tangu 1883, likiwa katika kukarabatiwa, na watu wawili walifariki. Nilisimama Forodhani siku iliyofuata pamoja na mji mzima. Wakati huo sikuwa na seva. Lakini nilipokuwa napanga nakala ya tatu, picha ya ukuta ule ilinirudia zaidi ya maelezo yoyote ya wataalamu.

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine. Mahali pengine kwangu kulikuwa wazi. Kuna Hale, Wete. Na kuna jambo ambalo mwalimu wa jiografia hakuweza kuliacha lipite: tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wake wenyewe kutoka Tanga. Waya wa Unguja ukikatika Pemba haina habari, na kinyume chake. Visiwa viwili, nyaya mbili, bahari katikati. Wenye makampuni makubwa hulipa fedha nyingi kupata mpangilio wa namna hiyo, sisi tumezaliwa nao.

Intaneti siitumii kwa hili. Nina diski mbili ndogo za nje za terabaiti moja; moja nilikuwa nayo, ya pili niliinunua 120,000. Moja iko Unguja inajazwa, nyengine iko Wete imelala. Kila baada ya miezi miwili, kila anaposafiri mtu wetu, zinabadilishana. Terabaiti moja inapanda boti asubuhi, inateremka Mkoani, inapanda gari hadi Chake, inapanda jengine hadi Wete, na kabla ya Alasiri imefika. Hakuna bando litakaloishinda. Nimeifunga kwa neno la siri ili ikipotea njiani aliyeiokota apate chuma tu, na neno hilo liko kwenye karatasi ndani ya kasha la Mama, kwa sababu mimi pia ni mtu wa kufa. Diski inasafiri ndani ya boksi la plastiki la chakula, pamoja na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo mara kwa mara navianika juani.

Nilijumlisha gharama yote: shilingi 630,000, na zaidi ya nusu ya muda wangu ulikwenda kwenye mambo ambayo hayana bei, kama pasi.

Kanda 35 zimo. Usiku Mama hukaa barazani na simu yake, anafungua folda ya Mjomba kwa VLC, na Mjomba anaanza kusalimia watu, wengine wamo kaburini na yeye pia yumo. Kuna kanda moja ya 1986 ambapo kabla ya kuzima anasema, "Mwambieni Mama kanda yake nimeipata, nimeisikiliza mara nne." Mama huirudisha nyuma hapo. Kanda anayoitaja, ya Bibi, ni mojawapo ya zile sita.

Mwezi huu diski ya nje iko Wete. Hale ameiweka ndani ya bweta lake la dhahabu, kabatini, chini ya hati ya kiwanja. Juzi alinipigia simu usiku, nikadhani kuna msiba. Alitaka kujua kama anatakiwa kuifungua mara moja moja ili ipate hewa.